Umri wa Kurefuka

Nyie vijana mtakaoyasoma haya, kaeni kwanza. Sikuandika mcheke, wala sikuandika mnihurumie. Huruma yenu imechelewa miaka mingi. Naandika kwa sababu juzi mjukuu wangu mmoja, aliyeanza kufuga sungura hapa Handeni, aliniletea mtoto wa sungura mezani nikiwa nakula. "Bibi, nasikia zamani ulikuwa unawajua hawa. Hebu mshike. Ana umbo la kwenda maonyesho, au nimchinje tu?" Akacheka. Mimi nikaisikia ile harufu: majani yaliyolowa, mkojo, na manyoya ya mnyama mwenye hofu. Mkono wangu ukaenda wenyewe mgongoni mwake, kidole gumba upande huu, vidole vinne upande ule, ukashuka kutoka mabegani hadi makalioni. Ukajua. Pamoja na uzee huu wote, ukajua. Nikamsukuma yule mnyama, nikainuka, chakula kikabaki. Mjukuu akadhani nimeudhika kwa kuwekewa mnyama mezani. Haya, leo atajua.

Nilikuwa na mdogo wangu, jina lake Athumani. Nawaambia mapema, asije mtu akasoma huku anatumaini: hakufika miaka miwili. Mimi nilikuwa na kama miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kumbeba. Shule niliionja kidogo, nikatolewa ili nibebe mtoto. Huku kuandika kwenyewe nimejifunzia ukubwani, kwenye darasa la watu wazima. Kwa hiyo mwili wa Athumani niliujua kuliko mtu yeyote, kuliko hata aliyemzaa. Alilala mgongoni kwangu kutwa. Akikojoa nalowa mimi, akicheka nasikia tumbo lake linavyotikisika kwenye uti wangu.

Baba yetu alikuwa mtu wa Handeni hii hii, ila ujana wake aliumalizia Korogwe kwenye shamba la mkonge. Mkonge hakukata. Meneja wa pale, Mzungu, alikuwa na wazimu wa sungura wa maonyesho, weupe, macho mekundu, na Baba ndiye aliyewatunza na kuwachagua. Walikuwa wakiwapeleka Tanga kushindanishwa. Serikali ilipoyachukua mashamba, Mzungu akaondoka na masanduku yake, sungura akawaacha, na Baba akarudi nyumbani na majike mawili na dume moja ndani ya tenga. Watu walimcheka mpaka wakakaa chini. "Wenzako wanarudi na baiskeli, wewe unarudi na paka wenye masikio!"

Halafu tukaambiwa tuhamie kijijini. Tukaiacha nyumba ya bondeni na migomba yake, tukajenga kwenye mstari, nyumba kwa nyumba. Kijiji kikatakiwa kiwe na miradi. Bwana Mifugo alipokuja kukagua akaona vizimba nyuma ya nyumba yetu.

"Mzee, hawa ni wa nani?"

"Wangu."

"Sasa ni wa kijiji. Na wewe ndiye fundi wao."

Mtu mwingine angekasirika. Baba alinyoosha mgongo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu wa serikali kumwita fundi.

Wengi pale kijijini hata kuwala hawakutaka. Jirani yetu, Mama Zaina, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alisema mbele ya mkutano: "Meno ya panya, masikio ya punda, nimtie kwenye sufuria yangu? Mwalimu wa madrasa amesema halali, sawa. Lakini tumbo langu halijasoma." Mkutano ukaangua kicheko. Bwana Mifugo akasubiri watulie, akasema kula si lazima, lakini Sabasaba inayokuja kijiji kitapeleka sungura vijana wanne maonyesho ya Korogwe, na wakishinda kila mtu atajua sisi ni nani. Hapo hakucheka mtu. Tangu tuhamishwe, hakuna aliyetuambia sisi ni nani.

Basi Baba akaanza kunifundisha. Alitandika gunia juu ya meza ili miguu ya sungura isiteleze, akawa ananionyesha: ya mbele ikae chini ya macho, ya nyuma ikunjwe sawasawa, mnyama akae mwenyewe. "Usimvute. Ukimvuta unampa urefu ambao hana, unajidanganya. Na usitazame sana, manyoya yanaongopa. Papasa." Mabega yawe yamejaa. Mgongo uanze kupanda pale shingo inapoishia, polepole, kilele chake kiwe juu ya kiuno, halafu ushuke mviringo mpaka mkiani, kama kawa lililofunika chakula. Nyonga ukizibana usikutane na mfupa uliochongoka. Makalio yajaze kiganja.

"Huyu ana nini?"

"Mabega membamba, Baba. Na huku nyuma kama pamekatwa kwa panga."

"Na huyu?"

"Umbo analo. Ila kiuno laini."

"Laini vipi?"

"Kama unga ndani ya mfuko."

Baba akacheka kwa sauti, jambo ambalo hakulizoea, akamwambia Bwana Mifugo, "Huyu mtoto wa kike ana mkono kunishinda mimi." Athumani alikuwa mgongoni kwangu wakati huo, ananing'ang'ania nywele. Mimi nilivimba kichwa. Sikuwahi kusifiwa na Baba kwa chochote kabla ya siku ile, na baada yake sikusifiwa tena.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lenyewe. Mtoto wa sungura anapimwa akifika wiki kumi hivi. Siku hizo umbo lake la utu uzima linaonekana kwa kifupi, kama mtu aliyekuja kuchungulia mlangoni. Ukizikosa siku hizo, umemkosa, kwa sababu baada ya hapo anaingia umri wa kurefuka. Masikio yanatangulia, miguu inatangulia, mgongo unakuwa bapa kama ubao, mifupa inatoka. Asiyejua anamtupa. Anayejua anangoja.

Palikuwa na jike moja ambalo kwenye wiki kumi Baba alilisifia sana. Masika yalipoanza likawa kituko. Nilililaza kwenye gunia nikaona aibu. Nikasema, "Baba, hili tumpe Mama Zaina."

"Mama Zaina hali sungura."

"Basi litupwe."

Akalichukua mikononi mwangu, akalirudisha kizimbani. "Hili liache. Usilipapase tena, usilibadilishie chakula, usilihurumie. Ni umri wake. Litajaza lenyewe."

Na kweli. Kipupwe kilipoanza kuingia, lile jike lilikuwa limejaza. Mgongo ukapanda, ukashuka, makalio yakajaa kiganja mpaka yakafurika. Nililipapasa nikasisimka mwili. Niliona kwa mkono wangu kwamba Baba anasema kweli.

Masika hayo hayo mvua ilitunyima. Mahindi yalitoka kidogo, yakakauka yakiwa magotini. Mama alikuwa mjamzito tena, akamwachisha Athumani ziwa kwa shubiri, na mtoto akaingia kwenye ugali wa muhogo na mlenda, asubuhi na jioni, basi. Mama alikuwa anakwenda shamba la kijiji alfajiri, majina yanaitwa, asiyekuwepo anasemwa. Mimi nabaki na mtoto na sungura. Mchicha na majani ya kunde niliyopata kuchuma yalikwenda vizimbani kwanza. Ndivyo kamati ya kijiji ilivyoagiza, na Baba aliitii kamati kama anavyotii adhana. Hata mashudu yalikuja kwa ajili yao. Sikuona ubaya wowote. Hao walikuwa wanakwenda maonyesho, Athumani alikuwa haendi popote.

Athumani akaanza kupungua. Mgongoni kwangu akawa mwepesi, halafu akawa na kona. Mchana mmoja, watu wote wakiwa shambani, nilimlaza juu ya lile gunia. Naandika hivi ilivyokuwa. Nilimlaza, nikamkunja miguu, nikampitisha mkono. Uti wa mgongo ulikuwa kama kitana. Nyonga zimechongoka. Nyuma pamekatwa. Shingo na miguu vimekuwa virefu kuliko yeye mwenyewe. Nikajiambia, kwa furaha ya mtu anayejua kazi yake: umri wa kurefuka.

Nywele zake zikabadilika, zikawa nyekundu nyekundu na laini. Nikakumbuka sungura wanavyopukutisha manyoya ya utoto. Akaacha kulia, akawa anakaa nilipomweka, ametulia, anatazama mbele tu. Sungura wa maonyesho hutakiwa kutulia.

Mama aliona. Mama mzazi haoni? Lakini kwetu mtoto akikonda huku mama yake ana mimba, watu husema amebemendwa, yaani wazazi wake hawakujizuia, wamemharibu mtoto kwa tamaa yao. Ni aibu ya kumfanya mtu atamani kuzama ardhini. Mama Zaina alishawahi kumsema hivyo mwanamke mmoja kisimani mpaka yule mwanamke akawa anateka maji adhuhuri, watu wakiwa hawapo. Kwenda zahanati, mwendo wa saa mbili, ilikuwa ni kumpitisha Athumani mbele ya nyumba zote za mstari, mchana kweupe. Mama akawa anamfunika khanga hata penye joto.

Alasiri moja alikuwa anasonga ugali, mimi nimekaa na mtoto mapajani. Akaniuliza bila kugeuka.

"Wewe ndiye unambeba kutwa. Unamwonaje mwenzio? Si mwepesi?"

"Anarefuka, Mama. Baba amesema umri huu wanarefuka, mgongo unakuwa bapa. Tusimhurumie. Atajaza mwenyewe."

Mwiko ukasimama. "Baba yako amesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Amemwangalia?"

Nikasema ndiyo, kwa sababu sungura Baba alikuwa amewaangalia. Niliona ni kitu kimoja. Kwangu mimi viumbe vichanga vilikuwa na sheria moja, na aliyeijua ni Baba, na mimi ndiye mwanafunzi wake.

Mama alishusha pumzi ndefu. "Basi. Kama baba yake amemwangalia." Akaendelea kusonga. Jioni ile alikula, na siku nyingi alikuwa hali.

Naye Baba alimwona mke wake ametulia, akatulia. Mwili wa mtoto mdogo kwetu ulikuwa ni shughuli ya wanawake. Baba hamfunui mtoto kumkagua. Kila mmoja alikuwa ameegemea mwenzake, na katikati hapakuwa na mtu ila mimi.

Sabasaba ikafika. Lori la kijiji likaja kuchukua mahindi machache, mihogo, ngoma, watu, na matenga ya sungura wanne, lile jike likiwa la kwanza. Baba alivaa shati alilolipata Korogwe. Lori lilipoondoka watoto tulilikimbilia mpaka vumbi likatushinda.

Kesho yake asubuhi nilimwosha Athumani, nikaona mashavu yamejaa. Nikashika miguu, imejaa. Mikono ya juu, imejaa. Ngozi inang'aa. Nilipiga kelele, "Mama! Amejaza! Njoo uone, amejaza!"

Mama alikuja na unga mikononi. Akamgusa shavu kwa nyuma ya kidole. Nilimwona akitabasamu, meno nje, na baada ya pale sikuyaona tena meno yake mpaka anazeeka. "Alhamdulillahi," akasema. "Nenda kamwonyeshe Mama Zaina." Alitaka aonekane sasa.

Nilikwenda mbio. Mama Zaina alikuwa anapepeta. Akaanza na utani wake, "Haya, mleteni mume wangu nione kama amenona." Akamshika mguu, akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Shimo likabaki pale pale. Tulilitazama wote wawili. Halikurudi. Sungura akijaza, nyama hurudi.

"Nani kakwambia huku ni kujaza?" akaniuliza. Sauti haikuwa yake.

Alitupa ungo chini, akaja kwetu, akamwambia Mama, "Mwenzangu, beba mtoto. Sasa hivi. Na nikimsikia mtu anasema neno njiani, nitamjibu mimi, maana hilo neno nimelisema mimi kuliko wote."

Tulikwenda. Mama na tumbo lake, Mama Zaina ameshika birika la maji, mimi nyuma na khanga. Zahanati tulimkuta mama muuguzi, mtu mzima, tukamwamkia shikamoo, hakuitika. Alikuwa tayari ameshamtazama mtoto.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

Mama akanigeukia mimi.

"Tangu masika," nikasema.

"Tangu masika? Mlikuwa mnangoja nini?"

Swali lile bado halijajibiwa. Muuguzi akasema apelekwe hospitali Korogwe, akauliza gari la kijiji liko wapi. Mama Zaina akamwambia. Gari lilikuwa Korogwe, limebeba sungura.

Athumani alikufa kesho yake, baada ya adhuhuri, mapajani mwa Mama, kwenye benchi la zahanati. Alitulia vile vile alivyokuwa ametulia. Mimi ndiye niliyeona, kwa sababu nilikuwa nimeweka mkono wangu mgongoni mwake.

Tulimzika bila baba yake. Siku iliyofuata lori likarudi, limefungwa matawi, watu wanaimba. Lile jike lilikuwa limeshinda. Baba alishuka na tenga kifuani, uso umekunjuka, akaona jamvi nje ya nyumba yetu na wanaume wamekaa. Akaweka tenga chini taratibu sana.

Walipomwambia, aliingia ndani kwa Mama. Nilikuwa pembeni ya kitanda. Alisema, "Kwa nini hamkumpeleka?"

Mama akamjibu, na hakupandisha sauti, "Si wewe uliyesema tumwache? Umesema ni umri wake, atajaza."

"Mimi? Nimesema lini?"

Kisha wote wawili wakanitazama. Niliona jinsi Mama alivyoelewa, halafu Baba. Alipiga magoti mbele yangu mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniambia polepole, kama anasahihisha kosa la mezani, "Nilikuwa nasema sungura."

Basi. Hakunipiga. Nilingoja fimbo siku ile, nikaingoja wiki ile, mwezi ule. Ningepigwa ningelia, nikilia ningemaliza. Hawakunipiga wala hawakunisema. Bwana Mifugo alipokuja na sifa zake na jembe la zawadi, Baba alimwambia atafute fundi mwingine, mkono unamuuma. Sungura walipelekwa kwa mtu mwingine, wakafa mmoja mmoja kwa kutojuliwa.

Mdogo wangu wa kike alipozaliwa, niliikunja khanga vizuri nikasimama mlangoni kungoja. Mama alipita na mtoto mgongoni mwake mwenyewe, akaenda naye shamba la kijiji. Akichoka alimwita binti wa Mama Zaina. Mimi nilipewa kuni na maji. Nilizaa watoto saba, Mama akawashika wote, akawaogesha wote, lakini hakuniuliza hata mara moja, "Unamwonaje huyu?" Mpaka anaingia kaburini hakuniuliza.

Wapo walionifariji. Mwanangu mwalimu ameniambia: Mama, ilikuwa njaa, ulikuwa mtoto, ule ugonjwa una jina lake, haukuwa kosa lako. Najua. Hata jina lake nimelijua. Kujua hakujanipunguzia kitu. Uti ule kama kitana bado uko kwenye kiganja hiki ninachoshikia kalamu, na nitazikwa nao. Ninachowaza mimi si njaa. Ninawaza kwamba Mama aliuliza mapema, Athumani alipokuwa bado anaweza kuokolewa, na mimi nilimjibu bila kusita, kwa sababu nilikuwa nimesifiwa.

Mkwe wangu wa kwanza alipojifungua, niliwaita wote uani, wanangu wa kiume, wake zao, na mabinti, nikawasimamisha, sikuwapa hata vigoda. Nikawaambia: mtoto wa nyumba hii akipungua, msije kuniuliza mimi, wala msimuulize baba yake, wala jirani. Acheni jembe pale lilipo, mbebeni, mwende zahanati siku hiyo hiyo, mpite njia kuu, na msimfunike uso.